Msaada: baada ya kupigiwa Windows 11 kwenye EliteBook waifai haiwaki na printa ya P1102 inakuja kama CD

kopi_na_spairo

Mbukwenyi wadau. Naombeni msaada wa haraka kidogo maana nimeshachoka.

Nina stationery ndogo huku Ng'ong'ona karibu na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kazi zetu mnazijua, kuprinti, kopi, kuskani, lamination, kubana spairo, na msimu wake ukifika maombi ya mkopo HESLB na Ajira Portal. Natumia laptopu mbili za HP EliteBook 840 G3, i5 ya kizazi cha sita, RAM 8, nilizinunua pamoja zikiwa used. Sasa zile kelele za kwamba Windows 10 imefika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025 zilinitia hofu, kila nikiwasha nakutana na kibango cha Microsoft, nikampata fundi mmoja hapa mtaani akasema hiyo ndogo tu dada inapitishwa, akaja na fleshi yake akapiga window 11 kwenye moja. Akafomati kila kitu, mafaili yangu yalikuwa kwenye eksteno kwa hiyo huko hakuna msiba. Ikawaka, ikapendeza, akalipwa akaenda.

Nilipoanza kazi ndio mambo. Waifai hakuna, kile kitufe cha waifai juu ya kibodi upande wa kulia taa yake imebaki ya chungwa, nabonyeza wee haibadiliki, nikienda setingi Airplane mode iko on nikiizima inajirudisha yenyewe. Sauti hakuna, pale kwenye spika kuna alama ya x. Na kubwa zaidi printa, nina HP LaserJet P1102 ile ndogo ya tona 85A, nikichomeka waya wa USB haiji kama printa, inakuja kama CD kwenye This PC imeandikwa HP Smart Install, nikiifungua inazunguka inazunguka halafu kimya. Printa hiyohiyo nikichomeka kwenye ile laptopu nyingine yenye Windows 10 inaprinti bila neno.

Fundi nimempigia kasema printa imezeeka ninunue mpya. Wanafunzi wa ripoti za field wamejaa hadi nje na mimi natumia mashine moja. Kuna njia au kweli ninunue?

---

Mzee_wa_Restart

Pole sana dada. Usihangaike, nenda Settings, System, Recovery, utaona Go back, bonyeza hapo unarudi Windows 10 yako kama ilivyokuwa. Ila una siku 10 tu tangu ubadilishe, zikipita hiyo batani inakufa.

---

Fundi_Nkuhungu

Mzee wangu shikamoo, hapo kwa huyu dada haitafanya kazi. Go back inategemea folda la Windows.old ambalo linabaki pale unapopandisha Windows juu ya Windows. Yeye amesema jamaa amefomati, Windows.old haipo, hata angekuwa siku ya kwanza ile batani angeikuta imefifia. Kwa wengine mnaopandisha bila kufomati, hizo siku 10 zinaongezeka, kabla hazijaisha fungua Command Prompt kama admin uandike

`DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60`

unapata siku 60, na zaidi ya hapo haikubali.

Sasa dada @kopi_na_spairo, kwanza usinunue printa. Printa nzima hiyo, umeshaipima mwenyewe kwenye mashine ya pili na huo ndio ushahidi mkubwa kuliko maneno ya simu. Tatizo lako lina sura mbili tofauti na fundi wako kayachanganya kuwa moja. Waifai na sauti ni draiva, yaani programu ndogo zinazowezesha Windows kuongea na vifaa, zimeondoka na fomati. Printa ni kitu kingine, tutafika.

Naomba nione kilichopo. Bonyeza kulia kwenye kile kitufe cha Start chini, chagua Device Manager, kila chenye alama ya njano kibonyeze kulia, Properties, kichupo cha Details, pale palipoandikwa Property chagua Hardware Ids, utaona mstari wenye VEN na DEV. Nakili mstari wa juu wa kila kimoja uniwekee hapa. Jina analotoa Windows pale nje usilijali, "Unknown device" halisemi kitu, namba ndio inasema. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14E4 ni Broadcom, na kadhalika.

Na jingine, kuanzia sasa ukiweka draiva usizime kwa Shut down halafu ukawasha, tumia Restart. Windows za siku hizi zina Fast Startup, ukizima inahifadhi kiini cha mfumo pamoja na draiva kwenye diski na ukiwasha inakirudisha kilekile, kwa hiyo mtu anasema nimezima nimewasha mara kadhaa bado, kumbe hajazima kitu. Restart ndio inaanza upya kabisa.

---

bwana_bando

mnazunguka sana, chukua tu ile programu ya kupakia madraiva yote kwa pamoja, unabonyeza mara moja inatafuta yenyewe unaenda kunywa chai ukirudi kila kitu kiko sawa, mi natumia miaka yote

---

Fundi_Nkuhungu

@bwana_bando sikatai kuna wanaofanikiwa, lakini hizo programu nyingi zinakuletea na mzigo mwingine ambao hukuagiza, brauza ngeni, antivairasi ya ajabu, na matangazo. Kwenye mashine ambayo watu wanachomeka fleshi zao na kuingiza namba za NIDA na nywila za mkopo mimi siweki kitu kama hicho. Halafu zinabahatisha, zinakuwekea draiva ya mashine ya familia moja lakini si yako, leo inafanya kazi kesho taachipedi inaruka. Hapana aisee.

---

kopi_na_spairo

Asante kaka. Nimepiga picha kwa simu nikaandika upya hapa kwa hiyo kama kuna herufi nimeruka mnisamehe:

Unknown device: ACPI\HPQ6001
Unknown device: ACPI\HPQ6007
PCI Simple Communications Controller: PCI\VEN_8086&DEV_9D3A
PCI Serial Port: PCI\VEN_8086&DEV_9D3D
SM Bus Controller: PCI\VEN_8086&DEV_9D23

Na kuna nyingine ya sauti hiyo haina alama ya njano ila imeandikwa High Definition Audio Device. Kadi ya waifai yenyewe naiona, Intel 8260, haina alama yoyote, ndio maana nashangaa kwa nini haiwaki.

---

Fundi_Nkuhungu

Safi sana, umeandika vizuri kuliko mafundi wengi.

Ona sasa. Kadi ya waifai haina tatizo, Windows 11 imekuja na draiva yake ya Intel 8260 ndio maana haina njano. Shida ni hiyo ya kwanza, HPQ6001, hicho ni kile kitufe cha waifai, draiva yake HP wanaiita HP Wireless Button Driver. Bila hiyo Windows haielewani na kitufe, na kitufe kimebaki kwenye hali ya kuzima ndio maana taa ni ya chungwa na Airplane mode inajirudisha. Watu wengi hapo wanakimbilia kubadilisha kadi ya waifai, wanauziwa na kadongo ka USB juu, kumbe ni kakitufe.

HPQ6007 ni kihisi cha mtikisiko, kile cha kulinda hadidiski laptopu ikidondoka, HP 3D DriveGuard. Kama ndani una SSD hata usipoiweka hutakufa njaa. 9D3A ni Management Engine ya Intel, hiyo weka. 9D3D ni mlango wa serial wa AMT, mambo ya maofisi makubwa kusimamia mashine kwa mbali, kwako haina kazi ila inakera macho tu pale kwenye orodha. 9D23 ni SMBus, inakuja na draiva za chipset, ile seti ya chipu za ubao mama. Sauti ya 840 G3 ni Conexant, ile High Definition Audio Device ni draiva ya jumla ya Microsoft, wakati mwingine inatosha wakati mwingine ndio hivyo spika zinanuna.

Kwenye tovuti ya HP ukiingiza modeli yako utakuta draiva za Windows 10 64-bit. Usiogope kwamba si za 11, nyingi zinakubali vizuri kwa sababu ndani huko mifumo hii miwili ni ndugu. Zinakuja kama faili la sp na namba, ukilifungua linajimwaga kwenye C:\SWSetup, na hata kama lile la kuinstali likigoma kwa kusema mfumo wako haufai, faili zimeshatoka, unaenda Device Manager unabonyeza kulia Update driver, Browse my computer, unaielekeza kwenye folda hiyo, inachukua.

LAKINI wewe una bahati ambayo wengi hawana. Una pacha wa mashine hiyo imekaa pembeni inafanya kazi. Usidaunlodi kitu, usimalize bando. Chukua fleshi, ichomeke kwenye ile ya Windows 10, tengeneza folda ndani yake iite draiva. Folda lazima uitengeneze kwanza, amri haiitengenezi. Halafu Command Prompt kama admin:

`pnputil /export-driver * E:\draiva`

E badilisha kwa herufi ya fleshi yako. Itanakili draiva zote ambazo si za Microsoft, na humo humo na ya printa itakuwemo. Ikimaliza peleka fleshi kwenye mashine mgonjwa, Command Prompt kama admin tena:

`pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install`

Skrini inaweza kuzima na kuwaka ikifika kwenye draiva ya grafiki, usiichomoe. Ikiisha, Restart.

---

Mzee_wa_Restart

Marahaba kijana. Hii ya kunakili kutoka kwa pacha sikuijua aisee, nimesave.

Ningeongeza kwa wasio na mashine pacha, kabla hujamkabidhi fundi mashine kupiga window, mwambie atoe kwanza draiva kwa amri hiyohiyo ya export aweke kwenye fleshi. Inachukua dakika chache tu. Fundi akikwambia haina haja tafuta fundi mwingine.

---

kopi_na_spairo

JAMANI. Nimefanya. Ile amri ya kwanza ilikataa nikaona nimefungua Command Prompt ya kawaida, nikabonyeza kulia Run as administrator ikakubali. Ikamwaga mistari mingi, nikahamishia kule, skrini ikazima kweli moyo ukaruka ila ikarudi. Nikarestati. Kitufe taa ikageuka nyeupe chenyewe na waifai imeshika. Sauti ipo. Kwenye Device Manager hakuna njano hata moja.

Sasa printa. Nimechomoa nimechomeka bado inakuja CD. Kwenye Printers & scanners nikibonyeza Add device inatafuta haioni kitu.

---

dada_wa_tona

Hapo nipishe nijibu mimi, hizi P1102 nimezishika sana, najaza tona na kutengeneza printa huku Majengo.

P1102 na ndugu zake za wakati ule kama P1606 na M1132 zina kitu kinaitwa Smart Install. HP waliweka draiva ndani ya printa yenyewe, kwa hiyo ukichomeka mara ya kwanza printa inajifanya CD, unaibonyeza hiyo CD inainstali draiva, ikimaliza inaiambia printa haya sasa vua hilo vazi uwe printa. Wakati zinatoka hiyo ilikuwa raha, huhitaji CD ya kweli. Shida ni kwamba draiva iliyomo ndani ni ya miaka hiyo, kwenye Windows mpya ile programu inakwama katikati, na isipomaliza printa inabaki CD milele, Windows itaionaje kama printa wakati yenyewe inajitambulisha kama CD? Ndio maana hata ukiwa na draiva nzuri kwenye mashine haisaidii, kama ulivyoona.

Dawa ni kuizima Smart Install ndani ya printa. Ingia tovuti ya HP chukua programu kamili ya LaserJet Pro P1100 series, ile yenye kila kitu na sio ile ndogo ya draiva pekee, usiiinstali, ifungue tu kwa 7-Zip, ile programu ya kufungua faili zilizobanwa. Ndani kuna folda la UTIL, humo utakuta SIUtility64. Fanya hivyo kwenye laptopu yenye Windows 10 ambayo printa inasoma, printa iwe imewashwa na waya wa USB umechomekwa, iendeshe, itakuuliza kuzima Smart Install, zima. Kisha zima printa kwa batani yake, subiri kidogo, washa. Kwa kuwa inaandika ndani ya printa yenyewe, ukiipeleka mashine yoyote baada ya hapo itakuja kama printa moja kwa moja.

Ukienda kwenye Windows 11 draiva umeshaiweka kwa ile amri ya kaka, chomeka na uisubiri. Na usidanganywe uweke draiva za jumla za PCL, ile lugha ambayo printa nyingi za HP zinaielewa, hii printa haijui PCL, kazi yote ya kuchora ukurasa inafanywa na kompyuta na printa inapokea tu, ukiweka PCL itakutolea karatasi zenye herufi za kichina cha kuzimu au isitoe kabisa.

Halafu pale Printers & scanners angalia kuna setingi ya Windows protected print mode. Kwenye matoleo ya 24H2 kwenda mbele ipo. Iache off. Ukiiwasha inafukuza draiva zote za watengenezaji na printa ya umri huu ndio kwaheri.

---

kopi_na_spairo

Nafanya sasa hivi, bando linalia ila nafanya.

---

mtoto_wa_CIVE

samahani nadandia uzi. mimi natumia Ubuntu 24.04 (Linux) kwenye laptopu yenye Broadcom BCM43142, juzi imejiapdeti keneli (kile kiini cha mfumo), kuanzia hapo waifai haionekani kabisa hata kwenye orodha haipo. je na mimi ninakili draiva kwa mtu? nina presentation

---

Fundi_Nkuhungu

Hapana mdogo wangu, kwako ni tofauti. Draiva ya hiyo Broadcom haimo ndani ya keneli, inajengwa upya kila keneli mpya ikija, na yako haikujengwa. Ukiwa na haraka ya presentation, restati, kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine ikianza kuwaka, ingia Advanced options uchague keneli ya nyuma, waifai itarudi, nenda kapresenti.

Ukirudi washa kwa keneli mpya, unganisha simu kwa waya uwashe USB tethering upate intaneti, halafu

`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`
`sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source`

Kama Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, iko on itakuomba nywila ya muda, iweke uikumbuke, ukirestati inakuja skrini ya bluu ya MOK, chagua Enroll MOK uingize nywila ileile. Wengi wanaipita hiyo skrini ya bluu kwa haraka halafu wanasema draiva haifanyi kazi. Soma mistari inayotoka wakati inajenga, ikileta error fungua uzi wako na uiweke yote, usikate kichwa.

---

bwana_bando

hiyo linux mi sitaki hata kuisikia 😂

---

kopi_na_spairo

@dada_wa_tona Mungu akuzidishie. SIUtility64 nimeikuta kulekule ulikosema, nimezima, nimewasha printa, nimechomeka kwenye Windows 11, ikalia ile sauti ya kuingia kifaa na jina likatokea HP LaserJet Professional P1102. Nikatuma ukurasa wa majaribio ikatoa. Nimeprinti ripoti ya mwanafunzi mmoja ya kurasa nyingi yenye magrafu, imetoka safi.

Swali moja la mwisho halafu niwaache. Ile laptopu ya pili yenye Windows 10, nayo niipeleke 11 kwa vile sasa najua njia? Au niiache?

---

mama_wa_Ipagala

Mimi nafanya kazi ya IT kwenye ofisi moja hapa mjini, ushauri wangu uiache kwanza.

Sababu ni hii. Orodha rasmi ya Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha nane, 840 G3 ni cha sita. Jamaa yako ameipitisha kwa kuruka ukaguzi, inafanya kazi kama unavyoona, lakini Microsoft hawakuhakikishii apdeti kwenye mashine isiyo kwenye orodha, na zile apdeti kubwa za kila mwaka kwa kawaida hazishuki zenyewe, itabidi mtu aje na fleshi tena. Kuwa na mashine moja namna hiyo si mbaya, zote mbili dukani sipendi, siku moja apdeti ikikorofisha utakuwa huna pa kushika.

Hiyo ya Windows 10 unaweza kuiongezea muda kihalali. Kuna mpango wa ESU (Extended Security Updates) kwa watu binafsi, unapata apdeti za usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Iwe kwenye toleo la 22H2, uingie kwa akaunti ya Microsoft, nenda Windows Update utaona pa kujiandikisha. Ukikubali kusinki setingi zako kwenye akaunti hulipi, au pointi 1000 za Microsoft Rewards, au dola 30. Hazileti kitu kipya, ni usalama tu, na kwa mashine ya kuprinti huhitaji kipya. Ndani ya muda huo ukikusanya hela ununue moja ya kizazi cha nane kwenda juu, ukifika kwa muuzaji usikubali neno "i5" peke yake, mwambie akufungulie uone namba, 8250U au 8350U ni cha nane, 6300U ni cha sita, na bei zisiwe sawa.

---

Fundi_Nkuhungu

Naunga mkono mama asilimia mia. Na ile fleshi yenye folda la draiva usiifute, iandike kwa mark pen uiweke droo. Mtu akikuomba kuitumia kwenye EliteBook nyingine mpe, kwenye Dell mnyime.

---

Mgogo_wa_Kibaigwa

Hapo kwenye Dell ndio nilikuwa nauliza 😅 nina Dell Latitude E7470 na yenyewe i5 ya sita, rafiki ana 840 G3. Si chipset moja? Nikinakili zake si itakubali?

---

Fundi_Nkuhungu

Chipset ni ya familia moja kweli, na Windows haiweki draiva kwa kifaa ambacho namba haifanani, kwa hiyo vya HP vingebaki vimelala tu kwenye diski bila kazi. Shida ni vile vinavyofanana namba lakini mtengenezaji amevifanyia marekebisho yake, sauti hasa, na taachipedi. Unaweza ukapata sauti ya spika lakini hedifoni isikatishe spika, mambo ya kijinga kama hayo ambayo utayatafuta wiki nzima.

Wewe geuza laptopu chini kuna stika yenye Service Tag, herufi na namba saba. Kama stika imefutika, fungua Command Prompt uandike

`wmic bios get serialnumber`

na kama itakwambia wmic haitambuliki, kwa sababu kwenye Windows 11 mpya wameanza kuiondoa, tumia PowerShell:

`Get-CimInstance Win32_BIOS`

utaiona kwenye SerialNumber. Ingiza hiyo kwenye tovuti ya Dell watakuletea draiva za mashine yako hiyohiyo. Anza na chipset, halafu grafiki, halafu sauti, restati kila baada ya moja ili ikitokea shida ujue ni ipi iliyoleta. Una njano ngapi sasa hivi? Weka Hardware Ids hapa.

---

Mgogo_wa_Kibaigwa

Iko moja tu, niko sokoni nikifika nyumbani naiweka.